Mtu akirudi zama za dinosaria: ni maradhi yapi ya kuogopwa kweli?

Mwalimu wa Jinja (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, naomba tulijadili kwa kina swali ambalo wanafunzi wangu wa biolojia huniuliza kila tunapofika kwenye somo la visukuku: mtu wa leo akiweza kurudi hadi zama za dinosaria, je, maradhi ya huko yangemmaliza? Wengi hujibu haraka kwamba kinga yetu haijawahi kukutana na vijidudu vya wakati ule, kwa hiyo msafiri angezidiwa ndani ya siku chache. Naona jibu hilo limeutazama upande mmoja, kwa sababu linasahau kwamba vijidudu vya wakati ule navyo havijawahi kukutana na sisi.

Kimelea kinachoishi kwa kumtegemea mnyama fulani hulazimika kuuzoea mwili wa mnyama huyo. Kirusi lazima kipate protini ya kushika juu ya seli, kiingie ndani, kiitumie seli hiyo kujizalisha, kikwepe kinga, kisha kitafute njia ya kutoka na kumfikia mwingine, na hatua moja ikishindikana safari yote imekwama. Chukueni malaria ya ndege. Mbu wanaoieneza huwauma watu pia, na huko Hawaii imechangia kuangamiza spishi kadhaa za ndege wa asili, lakini wakazi wa visiwa hivyo hawaugui, kwa kuwa kimelea chake hakiwezi kuendesha maisha yake ndani ya damu ya binadamu.

Ukaribu wa ukoo hubadilisha hesabu yote. Mwaka 2013, katika Hifadhi ya Taifa ya Kibale, sokwe mtu watano kati ya 56 wa kundi la Kanyawara walikufa katika mlipuko wa ugonjwa wa kifua uliohusishwa na kirusi kiitwacho rhinovirus aina ya C, ambacho kwa watu wengi huishia kuwa mafua ya kawaida. Babu wetu wa pamoja na sokwe mtu aliishi takriban miaka milioni sita au saba iliyopita. Babu wetu wa pamoja na dinosaria aliishi takriban miaka milioni 320 iliyopita.

Tuangalie pia ni wanyama gani waliokuwapo. Dinosaria wa kale walitawala tangu takriban miaka milioni 230 iliyopita hadi miaka milioni 66 iliyopita. Katika muda wote huo hapakuwa na ng'ombe, nguruwe wala nyani, na visukuku vya kale zaidi vya popo tulivyo navyo vina umri wa takriban miaka milioni 52. Ukiondoa popo, panya, nyani na mifugo, umeondoa sehemu kubwa ya wanyama waliotupa maradhi yetu makubwa: UKIMWI ulitoka kwa sokwe mtu, surua ina undugu wa karibu na sotoka ya ng'ombe, na homa ya Marburg iliyowapata wachimbaji wa mgodi wa Kitaka hapa Uganda mwaka 2007 ilitoka kwa popo walao matunda.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: cha kuogopwa zaidi ni vijidudu visivyochagua mwenyeji, vile vya udongoni na majini ambavyo vinaishi vizuri bila mnyama yeyote na huingia mwilini pale tu mlango unapofunguka. Ugonjwa wa dinosaria wenyewe nauweka mbali katika orodha. Karibuni mnipinge au mniongezee.

Daktari wa Mifugo, Mbarara

Mwalimu, hoja yako ina uzito, lakini umbali wa ukoo usituhadae. Ndege ni uzao wa dinosaria, na umbali wetu na kuku ni uleule tulio nao na Tyrannosaurus rex. Hata hivyo, mafua ya ndege yameuruka umbali huo. Mwaka 1997 huko Hong Kong, aina ya H5N1 iliwapata watu 18 na sita kati yao walikufa. Hapa kwetu, Januari 2017, ndege wa porini walikufa kwa wingi katika ghuba ya Lutembe karibu na Entebbe na ikathibitishwa kuwa ni mafua ya ndege, ingawa aina ile haikuwaangamiza watu. Salmonela tunaipata kwa kuku, kwa kasa na kwa mijusi. Wafugaji wa kasuku hupata homa ya mapafu inayoletwa na bakteria wa klamidia waliozoea ndege. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyehitaji kuwa ndugu yetu wa karibu.

Naongeza jambo ambalo watu wengi hulipita. Mwaka 2011 wanasayansi walichapisha vipimo vya kemikali ya meno ya dinosaria wakubwa wenye shingo ndefu, yakiwemo meno yaliyochimbwa Tendaguru, mkoani Lindi, hapo jirani Tanzania, na wakapata kwamba joto la miili yao lilikuwa kati ya nyuzi 36 na 38. Hilo ni joto letu. Kijidudu kilichozoea maji baridi au mwili wa mjusi hupata shida kinapoingia katika mwili wenye nyuzi 37, na hiyo ni ngao yetu kubwa hasa dhidi ya kuvu, kwa sababu spishi nyingi za kuvu haziwezi kukua katika joto hilo. Kijidudu kilicholelewa ndani ya dinosaria mkubwa hakingezuiwa na ngao hiyo.

Kwamba dinosaria waliugua hakuna shaka, kwa maana mifupa yao inasema. Katika mataya ya Tyrannosaurus kuna matundu laini ambayo watafiti, mwaka 2009, waliyafananisha na vidonda vya trikomona, ugonjwa wa koo unaowasumbua njiwa na mwewe hadi leo. Mwaka 2022 ilielezwa mifupa ya shingo ya dinosaria wa Montana, Marekani, aliyeishi takriban miaka milioni 150 iliyopita: pale ambapo vifuko vya hewa vilivyounganika na mapafu hugusana na mfupa, mfupa ulikuwa umeota uvimbe wenye sura ya maua ya koliflawa, dalili ya maambukizi ya njia ya hewa yaliyokwisha kusambaa. Nimewapasua kuku wengi waliokufa kwa ugonjwa wa vifuko vya hewa, na naweza kukueleza kwamba yamkini mnyama wa namna ile alikohoa, alipata homa na alikonda kabla ya kufa. Chanzo hakijulikani kwa hakika, na watafiti walishuku kuvu; lakini kama kilikuwa ni bakteria, msafiri anayesimama mbele ya mnyama huyo angeweza kuwavuta hewani.

Mkulima wa Kasese

Nawashukuru wote wawili kwa maelezo haya. Naomba kuuliza: je, nyama yake ingelika, ikiwa imeiva vizuri?

Daktari wa Mifugo, Mbarara

Ndugu yangu wa Kasese, moto haujali umri wa kijidudu. Kuipika nyama hadi iive ndani, isibaki na damu wala rangi ya waridi, kungeua bakteria wengi, virusi na mayai ya minyoo ya wakati ule kama kunavyofanya leo. Hatari ingekuwa katika kuchinja na kuchuna, pale mikono yenye michubuko inapoingia tumboni mwa mnyama na pale utumbo unapopasuka. Mnyama aliyekutwa amekufa mwenyewe asiguswe kabisa. Sheria hiyo tunaihubiri kwa ajili ya kimeta, kilichoua viboko wengi katika Hifadhi ya Malkia Elizabeth mwaka 2004, na sioni sababu ya kuilegeza kwa mnyama yeyote wa zama zozote.

Mtumishi wa maabara, Entebbe

Naomba niingize kundi ambalo naona halijatajwa ipasavyo, yaani wadudu wanyonyao damu. Sisi wa Entebbe hatuwezi kuwasahau. Taasisi ya utafiti wa virusi ilianzishwa hapa mwaka 1936 kwa ajili ya homa ya manjano. Mwaka 1937 kirusi cha West Nile kilipatikana katika damu ya mwanamke wa wilaya ya West Nile, na mwaka 1947 kirusi cha Zika kilipatikana kwa tumbili aliyewekwa ndani ya kizimba katika msitu wa Zika, ambao hauko mbali na barabara ya kwenda Kampala.

West Nile inastahili kuangaliwa kwa makini kwa sababu inajibu hoja ya Mwalimu kwa namna isiyotarajiwa. Kirusi hiki ni cha ndege. Huzunguka kati ya ndege na mbu, na huko ndiko kunakokiwezesha kuendelea kuwapo. Hata hivyo kinapoingia kwa binadamu au farasi kupitia mate ya mbu, kinaweza kufika hadi kwenye ubongo, ingawa damu ya binadamu huwa haina virusi vya kutosha kumwambukiza mbu mwingine. Kwa mtazamo wa kirusi, mtu ni njia isiyotoka upande wa pili, lakini kwa mgonjwa haileti tofauti yoyote. Virusi vinavyobebwa na wadudu vimelazimika tangu mwanzo kuishi katika miili miwili isiyofanana hata kidogo, wa mdudu na wa mnyama mwenye uti wa mgongo, kwa hiyo si wachaguzi sana. Isitoshe, mdudu mwenyewe humfungulia kirusi mlango, kwa kuwa hupita kwenye ngozi na kukiweka moja kwa moja ndani ya mwili.

Je, wadudu hao walikuwapo? Walikuwapo, na ushahidi wake unashikika mkononi. Katika kaharabu ya Myanmar, yaani utomvu wa miti uliogeuka jiwe, yenye umri wa takriban miaka milioni 99, amepatikana kupe aliyenasa pamoja na unyoya wa dinosaria, miguu yake ikiwa imeushika unyoya huo. Katika kaharabu ya eneo hilohilo amepatikana usubi mwenye vimelea vya jamii ya lishmania, vile viletavyo vidonda vya ngozi, mwilini, na mwingine mwenye vimelea vilivyo jamaa wa malaria. Mbu wa kale zaidi tunaowajua walinaswa katika kaharabu ya Lebanoni takriban miaka milioni 130 iliyopita, na cha kushangaza ni kwamba hata madume yao yalikuwa na midomo ya kutobolea.

Virusi havigeuki mawe, lakini huacha alama ndani ya vinasaba vya wenyeji wao. Mwaka 2013 watafiti walionyesha kwamba vinasaba vya ndege vimehifadhi mabaki ya kirusi cha jamii ya homa ya ini aina ya B kilichojipenyeza humo zaidi ya miaka milioni 82 iliyopita. Kwa maneno mengine, jamii ile inayowasumbua Waganda wengi leo ilikwisha kuwapo ndani ya damu ya ndege waliopaa juu ya vichwa vya dinosaria. Jamii za virusi ni za kale. Zilizo changa ni spishi zile zilizotuzoea sisi.

Mwalimu wa Jinja

Mtumishi wa Entebbe, hoja ya wadudu naipokea kwa mikono miwili, na kwa msafiri anayekaa zaidi ya siku moja ningeiweka mara tu baada ya majeraha na maji. Ila naomba tuupe mwili wetu haki yake, kwa sababu mjadala huu mara nyingi huuchukulia kama nyumba isiyo na mlinzi.

Hapa Uganda tunaujua ugonjwa wa malale vizuri mno. Mwanzoni mwa karne iliyopita uliwaua watu wengi sana Busoga, na nchi yetu ndiyo pekee yenye aina zote mbili za vimelea vyake. Lakini kuna ndugu wa tatu wa vimelea hivyo, anayewaua ng'ombe wetu kwa ugonjwa wa nagana, ambaye mbung'o humwingiza katika damu ya watu bila kusababisha ugonjwa. Sababu ni kwamba damu ya binadamu ina protini iitwayo APOL1, ambayo humezwa na kimelea na kukitoboa kutoka ndani. Protini hiyo haihitaji kumbukumbu ya maradhi ya zamani, kwani mtoto huzaliwa nayo. Ni vimelea viwili tu katika kundi hilo vilivyopata namna ya kuikwepa, na hivyo ndivyo vinavyotuua.

Kinga ya kuzaliwa nayo inafanya kazi namna hiyo kwa mapana. Vipokezi vyake vinatambua vitu ambavyo bakteria hawawezi kuviacha kirahisi: vipande vya ukuta wa seli, mkia wa kuogelea, mafuta ya utando wa nje. Bakteria wa miaka milioni 100 iliyopita walikuwa na ukuta uleule. Kwa hiyo mwili wa msafiri ungewatambua kuwa ni wageni wabaya ndani ya saa chache, na mara nyingi ungewashinda. Mahali unaposhindwa ni pale bakteria wanapoingia kwa wingi kupitia jeraha kubwa, au pale kinga yenyewe inapowaka kupita kiasi hadi shinikizo la damu linaanguka.

Kuna bakteria wengine wanaonitia hofu zaidi ya hao wa dinosaria. Bakteria wa lejionela huishi majini ndani ya amiba. Amiba humla bakteria, naye amejifunza kutoyeyushwa tumboni mwake. Seli nyeupe za mapafu yetu hummeza bakteria kwa njia inayofanana sana na ya amiba, na ndiyo maana lejionela humwua mtu ingawa hakumhitaji mtu kamwe katika maisha yake. Madimbwi ya zama za Jurasi yalikuwa na amiba na bakteria waliopigana kwa mamilioni ya miaka. Hao walikuwa wakifanya mazoezi ya kuushinda mwili wetu kabla mwili wetu haujakuwapo.

Muuguzi wa Gulu

Nawasalimu walimu na madaktari wangu. Mimi nazungumza kama mtu wa wodini, na naona majeraha yapewe nafasi kubwa zaidi kuliko iliyopewa hapa. Msafiri huyo atatembea mahali pasipo njia, penye miiba, mawe na matope ya kinyesi cha wanyama wenye uzito wa tani nyingi. Mkato wa unyayo unatosha. Jamii ya bakteria wasiopenda hewa, ambamo wamo wa pepopunda na wale wanaoozesha misuli huku wakitoa gesi, ni ya kale kuliko dinosaria. Hawahitaji kumjua mwenyeji, maana wanachohitaji ni nyama iliyopondeka ambayo damu haifiki vizuri, na sumu yao inafanya kazi iliyobaki.

Chanjo ya pepopunda nisingemruhusu aondoke bila hiyo, ingawa nakiri inalenga sumu moja tu. Jeraha lioshwe kwa maji mengi yaliyochemshwa, nyama iliyokufa ikatwe, na jeraha la kuumwa na mnyama lisishonwe siku ya kwanza. Kuhusu dawa nina matumaini. Viuavijasumu vingi hushambulia ukuta wa seli ya bakteria au mtambo wake wa kutengeneza protini, na sehemu hizo hazijabadilika sana. Lakini asidhani kwamba bakteria wa kale ni wanyonge mbele ya dawa. Mwaka 2011 vinasaba vya ukinzani dhidi ya dawa vilipatikana katika udongo ulioganda kwa miaka 30,000 huko Yukon, Kanada, na mwaka uliofuata bakteria kutoka pango la Lechuguilla, New Mexico, lililotengwa na uso wa dunia kwa zaidi ya miaka milioni nne, walionekana kuzikinza dawa nyingi za hospitalini. Kuvu na bakteria wa udongoni ndio waliovumbua silaha hizo, wakitumiana wao kwa wao. Abebe dawa za aina zaidi ya moja.

Maji yote yachemshwe, hata yanayoonekana safi, na asiyaingie kwa miguu mitupu. Katika kinyesi cha dinosaria kilichogeuka jiwe, kilichotoka Bernissart, Ubelgiji, yamekutwa mayai ya minyoo na vifuko vya amiba wa tumbo. Wanaoishi kando ya ziwa wanaujua muwasho unaotokana na viluwiluwi vya minyoo ya ndege: hupenya ngozi ya mtu kwa makosa, hufia humohumo, na kumwachia vipele vinavyowasha kwa siku kadhaa. Huenda minyoo ya dinosaria ingemfanyia hivyohivyo, na kila kipele kinachokunwa hadi kuvuja damu ni jeraha jipya.

Mwanafunzi wa Makerere

Shikamooni wakubwa. Nina maswali mawili. La kwanza: mmezungumzia dinosaria, lakini je, mamalia wa wakati ule hawakuwa karibu nasi zaidi kiukoo? La pili: je, msafiri mwenyewe hawezi kuwa ndiye tishio kwa wanyama wa huko?

Daktari wa Mifugo, Mbarara

Marahaba, mwanangu. Swali la kwanza umelilenga barabara. Mamalia walikuwapo, wengi wao wadogo, na mmoja wa Uchina aitwaye Repenomamus, aliyeishi takriban miaka milioni 125 iliyopita, alikuwa mkubwa kiasi cha kula watoto wa dinosaria, kwani mabaki yao yalikutwa pale tumbo lake lilipokuwa. Wanyama hao walikuwa na manyoya, maziwa na damu inayofanana na yetu kuliko ya dinosaria yeyote. Msafiri atamkimbia dinosaria bila kuambiwa, lakini kamnyama kadogo kenye manyoya kanaweza kuingia hemani usiku kufuata chakula, kakakojoa juu ya unga na kuacha viroboto. Kwa maoni yangu, mkojo wa mnyama huyo una hatari zaidi kwa mapafu na figo za mtu kuliko pumzi ya dinosaria niliyoieleza hapo juu. Chakula kifungwe, na hema lizibwe.

Swali la pili linaniuma zaidi. Sotoka ilipoingia Afrika mashariki mwishoni mwa karne ya 19, iliwaua ng'ombe na nyati kwa kiwango ambacho wazee wa Ankole walikisimulia kwa vizazi, na ilichukua hadi mwaka 2011 kutangazwa kwamba imetokomezwa duniani. Kuvu ya ngozi ya vyura, iliyosambazwa na biashara ya watu, imezipunguza zaidi ya spishi 500 za amfibia. Huko Bwindi mwaka 1996 sokwe wa milimani, yaani gorila, walipata upele uliohusishwa na watu wa karibu na hifadhi, na mtoto mmoja wa sokwe alikufa. Dakt. Gladys Kalema-Zikusoka, aliyeushughulikia mlipuko huo, ametumia maisha yake kutufundisha kwamba afya ya mnyama na ya jirani yake binadamu haitenganishwi. Msafiri hubeba matrilioni ya bakteria tumboni, pamoja na kuvu ya ngozi na udongo wa leo kwenye viatu. Bakteria wake wa tumbo wengi wangekufa nje, lakini wachache wanaotosheka na matope yenye joto wangeweza kubaki huko. Choo chake kirudishwe naye, na viatu vyake viwe vipya.

Mtumishi wa maabara, Entebbe

Naomba niongeze kuhusu kurudi, kwa sababu huko ndiko maslahi yetu sote yaliko. Watu hupendekeza karantini ya siku 21 kwa mazoea ya Ebola, kama tulivyowafuatilia waliogusana na wagonjwa wakati wa mlipuko wa Gulu wa mwaka 2000, uliokuwa na wagonjwa 425 na vifo 224. Siku 21 zilitokana na kuujua ugonjwa ule. Kichaa cha mbwa huweza kukaa kimya kwa miezi, na homa ya ini aina ya B hukaa miezi kadhaa kabla ya dalili. Kwa kijidudu kisichojulikana kipimo kinapaswa kutoka katika mwili wa msafiri mwenyewe: achukuliwe damu, kinyesi na makohozi kabla ya kuondoka, vihifadhiwe kwenye baridi kali, kisha sampuli mpya zilinganishwe na zile za awali kila baada ya muda, kwa kusoma vinasaba vyote vilivyomo bila kuchagua ugonjwa wa kutafuta. Chochote kilichomo katika sampuli mpya na kisichokuwamo katika za zamani kichunguzwe kabla hajapewa ruhusa ya kukutana na jamaa zake, wala asikaribie zizi au banda la kuku, kwa kuwa kijidudu kilichozoea dinosaria kingewakuta kuku wetu kuwa wenyeji bora kuliko yeye.